MILIMA ILIYOTULEA
Kwa nini wazee wetu walikaa kando ya jabali

Ndugu zangu wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, mlioko Maskati na Nizwa, Tanga na Mombasa, Sheffield na kwingineko,



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike kurasa chache za historia, nami nimekubali kwa sababu moja. Siku ya pili ya mkutano tutajadili nyumba ya udongo ya babu yetu huko Birkat al-Mawz, pamoja na mitende yake na fungu lake la maji. Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba iuzwe. Hoja zao zina uzito: hakuna alalaye humo, dari la upande wa mashariki limeanguka, na fedha zitakazopatikana zingeweza kuwasomesha vijana wetu. Wapo wengine wasemao kwamba kuuza ni aibu, lakini ukiwauliza aibu hiyo inatoka wapi hawana la kukujibu. Nimeona ni heri, kabla hatujapiga kura, sote tujue ni kitu gani tunachokizungumza.

Ukoo wetu unapenda kutembea. Hilo halina ubishi. Kila palipo na kikundi cha watoto wetu, iwe Oman, Afrika au Ulaya, utawakuta siku ya mapumziko wamevaa viatu vya safari na kubeba chupa za maji, wanatafuta mahali pa kupanda. Majirani hushangaa. Mimi nadai kwamba mapenzi haya tumeyarithi, na nitajaribu kuonyesha yalikotoka.

MAHALI PENYEWE

Safu ya milima ya Hajar imepinda mfano wa upinde kutoka Musandam, kaskazini, hadi karibu na Ras al-Hadd, mashariki. Katikati yake ndipo ulipo Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, na kilele kirefu kuliko vyote, Jabal Shams, chenye kimo cha takriban mita 3,000. Birkat al-Mawz uko chini ya Jabal Akhdar upande wa kusini, mahali ambapo bonde la Wadi al-Muaydin linapotoka mlimani na kuingia tambarare. Jina la mji lina maana ya birika la ndizi, na hadi leo migomba imo katika mashamba yake, chini ya vivuli vya mitende.

Mtu asiyeifahamu nchi hii hudhani kwamba Oman yote ni joto na mchanga. Lakini ukipanda kutoka Birkat al-Mawz mpaka uwanda wa Saiq, ulio kwenye mita 2,000 hivi, joto hupungua kwa nyuzi 10 na zaidi, na usiku wa Januari hewa hukaribia kuganda. Maskati hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka. Saiq hupata mara tatu ya kiasi hicho. Ndiyo sababu huko juu kuna miti ya mizeituni ya mwitu na mireteni, na ndiyo sababu watu wa vijijini huko, kwa matuta ya mawe yaliyojengwa ngazi baada ya ngazi kwenye magenge, hulima mikomamanga, mipichi, mijozi na mawaridi. Mawaridi huchumwa alfajiri kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, yakapikwa katika majiko ya udongo ili kupata marashi yale ambayo bibi zetu waliyanyunyiza harusini na hitimani kote pwani ya Afrika.

Nikumbushe hapa jambo dogo la lugha. Waswahili wa zamani waliita nchi ya Arabuni, hasa upande wa Maskati, kwa jina la Manga. Na mgeni aliyetoka huko aliitwa Mmanga. Tunda la mlima huu likaitwa komamanga, na mpaka leo kila aulizaye bei yake sokoni Tanga au Kariakoo hulitaja jina la kwao babu yetu pasipo kujua.

Kukaa mahali kama Birkat al-Mawz kulikuwa na hekima yake. Mtu wa tambarare tupu hutegemea tende na mifugo. Mtu wa juu tupu hutegemea matunda na mbuzi. Mtu wa ukingoni alipata vyote viwili. Punda waliteremka kwa njia ya Wadi al-Muaydin wakiwa wamebeba makomamanga, jozi na marashi hadi soko la Nizwa, wakapanda tena na tende, chumvi na samaki mkavu. Njia hiyo, ambayo sehemu zake zimejengwa kwa ngazi za mawe, wazee wetu waliipita kwa miguu tangu utotoni, mara kwa mara, mizigo ikiwa kichwani au mgongoni. Kwao kutembea hakukuwa mchezo. Kulikuwa ndiyo riziki.

MAJI NA ZAMU ZAKE

Zawadi kubwa ya mlima ni maji. Mvua inyeshayo juu hupenya miambani na kujificha ardhini, na wazee wa Oman walivumbua namna ya kuyafuata huko huko yalikojificha. Huchimba kisima kirefu karibu na mguu wa mlima, wakiitacho mama wa falaji, kisha hutoboa njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, hata maji yenyewe yakaja mpaka mashambani bila kuvutwa na mnyama wala mashine. Falaji ya aina hii huitwa daudi, na hekaya husema kwamba Nabii Suleiman bin Daud alipita Oman akaamuru majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku kumi. Ya hekaya tuyaache. Lililo yakini ni kwamba falaji zipatazo 3,000 zinatumika hadi leo, na kwamba mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mojawapo ni Falaj al-Khatmain ya Birkat al-Mawz. Maji yake ndiyo yanayonywesha mitende ya babu.

Nilipokuwa mtumishi wa serikali nilishughulika na mambo ya maji kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba sijaona utaratibu wa haki ulio mwepesi kama huu. Pale maji yanapojitokeza juu ya ardhi ni mahali pa kunywa, na hapo hana mwenyewe: mkazi, mgeni na msafiri wote wana haki sawa. Kisha yanapita msikitini na penye kuogea na kufulia. Baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani, na huko kila tone lina mwenyewe. Kipimo chake ni wakati. Fungu moja huitwa athar, nalo aghalabu ni nusu saa ya maji yote ya falaji. Athar 24 hufanya badda moja, yaani saa 12. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa juani, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana kwa majina. Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na huwekwa wakfu.

Babu yetu alikuwa na athar mbili. Saa moja ya maji katika kila mzunguko. Ndilo fungu tutakalolipigia kura.

SAFARI YA BABU NA MLIMA WA PILI

Babu aliondoka mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Oman ya wakati ule ilikuwa nchi ya dhiki. Mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 ulikuwa umewatenganisha watu wa pwani waliokuwa chini ya Sultani na watu wa ndani waliokuwa chini ya Imamu. Biashara ilikuwa duni. Na mvua zikiadimika, falaji hupungua na mitende hukauka. Uhusiano na Afrika ulikuwa wa zamani, hasa tangu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Kwa hiyo kijana asiye na kazi alijua pa kuelekea. Alipita kwa miguu pengo la Sumail hadi Matrah, akangoja kaskazi, akapanda jahazi.

Aliteremka Unguja, akakaa miezi, kisha akavuka kwenda Tanga. Hapo ndugu zangu naomba mzingatie. Angeweza kubaki Tanga mjini, penye bandari na jamaa wengi. Badala yake alipanda gari la moshi mpaka Mombo, na kutoka Mombo akapanda mlima wa Usambara hadi Soni, akafungua kiduka cha chumvi, mafuta ya taa na kaniki. Baba alipomwuliza miaka mingi baadaye kwa nini alikwenda mbali hivyo, alijibu kwamba alisikia kuna mahali milimani penye mifereji na migomba.

Jibu hilo lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Washambaa, wenyeji wa milima ile, huigawa dunia mafungu mawili: Shambaai, nchi ya juu penye baridi, mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini penye joto, ukame na homa. Vijiji vyao vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, ili mwenyeji aweze kulima juu na pia kuteremka kulima chini, mvua ya upande mmoja ikikosekana asife njaa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini unatoka kwenye mita 400 hivi mpaka karibu na 1,400, yaani unatoka dunia moja na kuingia nyingine. Wafalme wa Wakilindi walitawala kutoka Vuga, juu mlimani, na nguvu yao ilifikia kilele wakati wa Kimweri ya Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja aliacha mlima akakaa Mazinde, chini, kando ya njia ya misafara, akapata bunduki na utajiri. Na kutoka hapo ufalme ukagawanyika. Wazee wa Soni walimsimulia babu kisa hicho, naye alikipenda, akikirudia kwa wajukuu: aliyeshuka alipata mali, na waliobaki juu walipata umri.

Basi babu alikuwa amevuka bahari nzima akajikuta ukingoni tena, kati ya juu na chini, kama alivyozaliwa. Siku za gulio alipanda na kuteremka na mzigo wake wa nguo, na watoto wake nyuma yake. Baba zetu na shangazi zetu walilelewa katika njia zile, wakijua kila chemchemi na kila mti wa kivuli. Babu alifariki mwaka 1971, akazikwa huko huko. Hakurudi kwao hata mara moja.

WALIOBAKI

Sasa niseme habari ya ndugu yake mdogo, aliyebaki Birkat al-Mawz kulinda nyumba, kwa maana bila yeye tusingekuwa na la kujadili.

Mwaka 1954 alifariki Imamu Muhammad al-Khalili, na Ghalib bin Ali akashika nafasi yake. Mwishoni mwa mwaka 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliingia Nizwa. Mwaka 1957 vita vilizuka upya, na Imamu Ghalib, ndugu yake Talib, na Suleiman bin Himyar, mkuu wa Bani Riyam, walipanda Jabal Akhdar wakajihami huko. Mlima uliwalinda kwa mwaka mmoja na nusu. Ndege za Waingereza zilipiga mabomu mlimani na vijijini. Mji wa Tanuf, ng'ambo ya Nizwa, ulibomolewa, na magofu yake yako wazi mpaka leo kwa atakaye kuyaona. Mwisho askari wa kikosi maalumu cha Uingereza, SAS, walipanda usiku mwishoni mwa Januari 1959, na vita vya mlimani vikesha.

Katika miaka ile watu wengi waliuza mafungu ya maji kwa bei ya gunia la mchele, na wengi walihama. Ndugu yake babu hakuuza. Alilima sehemu yake, akaikodisha sehemu ya kaka yake, na kwa mapato hayo alitengeneza paa na kulipa mchango wa kusafisha falaji, kila mwaka, bila barua wala shukrani. Wakati huo huo ng'ambo, baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, jamaa zetu wa Unguja walitawanyika, na kwa wengi wao mlango wa Oman ulikuwa umefungwa. Ulifunguka baada ya tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka na kuwaita Waomani walioko nje. Nchi ilikuwa na kilomita kumi hivi za barabara ya lami na skuli tatu. Ilihitaji kila mtu aliyejua kusoma, na wengi wa waliorudi walikuja na Kiswahili kinywani.

Mimi nilikuja mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 25 na Kiarabu cha chuoni tu. Nilipofika Birkat al-Mawz nilikaribishwa na mwana wa yule ndugu yake babu, ambaye kwangu ni ami. Baada ya kahawa na tende alinichukua mpaka penye mgawanyo wa maji, akanionyesha mahali pa kijiti cha kivuli, akanitajia zamu mbili zilizoitwa kwa jina la babu yangu. Miaka 57 ilikuwa imepita. Babu alikuwa kaburini Soni kwa miaka 13, na kila mzunguko, saa yake ilipofika, maji yalikuwa bado yanafunguliwa kwa jina lake.

KUTEMBEA KAMA AMANA

Watoto wetu wa Sheffield waliniuliza kama mapenzi yao ya milima nayo yamo katika historia hii, maadamu hawakuzaliwa Oman wala Lushoto. Naam, yamo. Wazee wao walipohamia Uingereza wangeweza kukaa popote. Walichagua mji ulio mlangoni mwa hifadhi ya Peak District, ya kwanza kutangazwa katika nchi hiyo, mwaka 1951. Na wajue kwamba haki ya kukanyaga vilima vile haikupatikana bure. Tarehe 24 Aprili 1932 wafanyakazi mamia kadhaa, wakiongozwa na kijana Benny Rothman, walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungiwa watu kwa ajili ya uwindaji wa mabwana wenye ardhi. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949. Anayetembea huko leo anatembea juu ya mchango wa watu wengine, kama sisi tunavyokunywa maji ya waliobaki.

Mlima hutufanyia jambo jingine ambalo ukumbi wa hoteli hauwezi. Njia nyembamba huwapanga watu mmoja mmoja, na mwendo huwekwa na aliye dhaifu. Mkubwa hutangulia na mtoto humfuata, mjuzi wa Kiarabu hujikuta nyuma ya asiyejua ila Kiingereza, na baada ya saa mbili za kupanda wote huzungumza Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichobakiwa nacho sote. Nimehudhuria mikutano ya ukoo katika kumbi za kifahari. Kila tumbo lilikaa meza yake. Sijaona hilo likitokea njiani.

Lakini nisihadae mtu. Mlima hauna mzaha. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kiliua takriban watu 50 nchini Oman, wengi wao kwa mafuriko, na mwaka 2021 kikaja Shaheen. Maji ya wadi huja ghafla hata pale mbingu juu yako ikiwa safi, kwa kuwa mvua imenyesha juu usikokuona. Kwa hiyo kanuni za wazee zibaki: tuondoke baada ya alfajiri, tusipumzike wala kulala ndani ya mkondo mkavu, na yeyote aonaye wingu jeusi juu ya mlima ana haki ya kuwarudisha wote, awe mkubwa au mtoto. Na asiyekuwa na gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne asijisumbue. Polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hawatamruhusu kupanda kwa gari dogo, na wana sababu.

LA KUFANYA

Ndugu zangu, naheshimu hoja ya masomo ya vijana. Lakini tazameni vijiji vya mlimani vilivyotuzunguka. Misfat al-Abriyyin, kijiji cha udongo na falaji kama chetu, wenyewe waliamua kutengeneza nyumba zao badala ya kuziacha, wakapokea wageni, na mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Nyumba iliyotengenezwa huzaa kila mwaka. Nyumba iliyouzwa huzaa mara moja.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, athar mbili za babu ziwekwe wakfu kwa ajili ya ukoo, ili asiwepo mmoja wetu awezaye kuziuza wala wadai wa mmoja wetu wawezao kuzichukua. Pili, kila nyumba itoe mchango kwa kadiri ya uwezo wake kwa miaka mitatu ili kujenga upya dari la mashariki, kwa udongo na magogo ya mitende kama lilivyokuwa, na mapato ya baadaye yagawanywe sawa kati ya matengenezo na karo za vijana. Tatu, mkutano ujao ufanyike wakati wa baridi, na siku yake ya kwanza iwe ya kupanda Wadi al-Muaydin kwa miguu. Wasioweza kupanda watangulie Saiq kwa gari na kutungojea na kahawa.

Akiwapo asiyekubaliana nami, na asimame mkutanoni aseme. Huo ndio utaratibu wetu. Namwomba jambo moja tu: kabla ya kuinua mkono, apite kwanza Birkat al-Mawz, aulize zamu ya babu ni saa ngapi, akae hapo mpaka maji yafunguliwe.

Wabillahi taufiq.